Makumbi ya Bi Kazija, Ghorofa ya Nne

Usiku wa jana niliota nimeitwa kikaoni na mboga zangu mwenyewe. Sikuwa na homa, na chakula cha usiku kilikuwa mkate na chai, kwa hiyo asije mtu akalisingizia tumbo. Wanaonijua husema mimi hutia chumvi. Safari hii chumvi ilikuwapo kabla sijafika.

Mlango wa roshani unagongwa, kwa nje. Nje ya mlango ule pana roshani tu, na baada ya roshani ni hewa. Nafungua. Amesimama mchicha, mmoja, ananifika kiunoni, ameegemea ukuta kwa sababu ana mguu mmoja.

"Mzee Vuai," anasema, "unaitwa."

"Na nani?"

"Na wapangaji."

"Mimi sina wapangaji. Mimi mwenyewe nimepanga."

"Basi njoo uwaambie hivyo."

Hapa nisimame kidogo nieleze, maana asiyejua habari ya mnara wangu hatajua kwa nini nilimfuata mbio hata kofia nikaisahau.

Mimi ni mstaafu. Miaka thelathini na moja nilipanda nguzo za umeme, na sasa nakaa ghorofa ya nne katika majumba ya Michenzani, hapa Unguja, pamoja na mke wangu Kazija. Mwezi wa pili Kazija aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Alipona, lakini ngazi zikamshinda. Tangu siku hiyo hajakanyaga ardhi. Naye ni mtu wa Bwejuu, pwani ya mashariki, miguu yake imekulia mchangani. Kila asubuhi hukaa dirishani akatazama chini kama mtu aliyedondosha kitu.

Binti yetu Zuwena ana nyumba ya chini huko Fuoni, ina uwanja. Akaniambia, "Baba, mama namchukua. Akae kwangu apate kukanyaga udongo."

"Na mimi?"

"Na wewe karibu."

Alisema karibu, lakini sote wawili tulijua. Nyumba ile ni ya mumewe, na mzee mzima kuhamia kwa mkwewe ni jambo ambalo kwetu hata paka wa mtaa angelicheka. Kazija akienda, anakwenda peke yake. Baada ya miaka arobaini na moja.

Nikamwambia, "Nipe wiki sita. Mama yako hawezi kulishukia shamba, basi shamba litapanda ngazi."

Zuwena akacheka mpaka akashika mlango. "Haya, baba. Wiki sita. Shamba lisipopanda, Ijumaa ya mwisho naja na gari."

Nikanunua vyungu vitano vya plastiki, vile vinavyokaa kimoja juu ya mwenzake vikawa mnara, kila kimoja kina midomo minne ya kupandia. Maji unatia juu kabisa, yanapenya, yanashuka chungu hadi chungu mpaka kwenye sahani ya chini. Udongo niliuogopa kwa uzito wake. Roshani yetu ni mzee kama mimi. Nikaona kwenye simu watu wa mbali wanajaza makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, mepesi, yanashika maji kama sponji. Yao yalikuja yamefungwa kama matofali, masafi. Nikasema, makumbi! Mimi mkwe wa Bwejuu nikanunue makumbi dukani?

Nikaenda Bwejuu kwa siri, kwa Bi Tatu, wifi yake Kazija. Huko wanawake huyafukia makumbi pwani, kwenye mashimo, bahari ikajaa na kupwa juu yake miezi mingi, yakaoza, ndipo wakayafukua na kuyapiga kwa gongo wapate usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba. Kila shimo lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana alama yake. Bi Tatu akaninyooshea kidole shimo la mwisho kabisa.

"Chukua hilo, shemeji. Halina mtu."

Nikarudi na gunia. Kazija akauliza lina nini. Nikasema makaa. Nikalitia roshani, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikasema sakafu ya kule imepasuka. Nilitaka siku moja nimfungulie ghafla, aone shamba limesimama wima.

Nimepanda mara mbili, na mara mbili miche imekufa. Inaota vizuri, halafu kingo za majani zinaungua, kahawia, kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Safari hii ya tatu kingo zimeanza jana. Na jana ilikuwa Jumanne.

Sasa mnajua. Turudi kwa mchicha.

Natoka roshani. Mnara wangu, ambao kwa kawaida hunifika kifuani, hauna mwisho. Una mlango, na juu ya mlango pameandikwa VUA VIATU. Navua. Ndani pana ngazi za makumbi, laini, zinabonyea kila nikikanyaga, na kila nikinyanyua mguu zinavuta pumzi.

"Wewe unakaa ghorofa gani?" namuuliza mchicha.

"Ya chini. Maji yakinifikia yameshapita kwa kila mtu."

"Pole."

"Hilo tumelizoea, mzee. Mtu wa chini hunywa kilichobaki. Linalotuudhi ni jengine. Panda utasikia."

Tunapanda. Ghorofa ya pili maji yananifika vifundoni. Ya tatu yananifika magotini, na anapita samaki, changu, mwenye haraka zake, anasimama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Hapa ndipo Bwejuu?"

"Marahaba. Hapa ni Michenzani."

"Ajabu," anasema changu. "Maji ni yale yale." Akenda zake.

Ghorofa ya juu kabisa kikao kimeshaanza. Mwenyekiti ni kotmiri, yale majani ya kunukishia mchuzi, mwembamba, anatetemeka kwa upepo, na kila akitetemeka kikao kizima kinanukia. Karibu yake amekaa tungule, ambaye bara humwita nyanya. Hajatoa hata ua, lakini mdomo anao. Nyuma yao wamejazana wengine, wote wamejifunga vitambaa vya kahawia vichwani. Nikitazama vizuri naona si vitambaa. Ni kingo zao zilizoungua.

"Kaa," kotmiri ananiambia. Nakaa juu ya makumbi. "Ajenda ni moja. Ijumaa tunahama."

"Mnahamia wapi?"

"Kwa jirani wa ghorofa ya pili. Ana kopo la maziwa dirishani."

"Kopo la maziwa! Nyinyi mko ishirini!"

"Tutabanana," tungule anasema. "Bora kubanana kwenye udongo kuliko kutanda kwenye chumvi. Mzee wetu, wewe unatupa maji asubuhi na jioni, hatukukanushi. Lakini tukinywa, kiu inazidi. Tunakunywa kiu yenyewe. Mwanangu wa kwanza alikufa ana glasi mkononi."

"Wewe huna mwana. Hujazaa."

"Unaona? Hata nafasi ya kumzaa sikuipata."

Nasema, "Nisubirini mpaka Jumamosi. Ijumaa kuna mtu anakuja. Akikuta mnara mtupu, anamchukua mke wangu."

Mchicha, kwa huruma, ananishika goti kwa jani.

"Mkeo yuko wapi?" kotmiri anauliza.

"Chumba cha pili."

"Anatujua?"

"Hapana. Anadhani nyinyi ni makaa."

Hapo nilijuta kusema kweli. Pakawa na zogo kubwa sana la mboga. Bilingani mmoja akatoka nje kabisa kupoza hasira. Nataka kuinuka, siwezi. Makumbi niliyoyakalia yamenishika. Si kwa nguvu. Yamenishika kama yanavyoshika maji, kila mahali kidogo.

"Tuachieni tuseme naye," inasema sauti ya chini yangu. Haikuwa sauti moja. Ilikuwa kama wanawake wengi wanaoongea huku wametia uzi mdomoni.

Mboga zote zikatulia. Inaonekana makumbi huwa hayasemi.

"Wewe ndiye uliyemchukua?" makumbi yakaniuliza.

"Nani?"

"Kazija."

Kila asubuhi mimi huuzungusha mnara robo, ili kila upande upate jua. Kumbe asubuhi ilikuwa imefika na mimi nimo ndani, basi mnara ukajizungusha wenyewe. Mlango uliokuwa ukitazama Michenzani sasa unatazama nguzo ya umeme, na juu ya nguzo nipo mimi, kijana, nina mikanda kiunoni na masharubu. Nguzo iko Bwejuu. Chini wanapita wasichana na matenga ya makumbi kichwani, na mmoja anasimama, anainua uso.

"We fundi!" anapiga kelele. "Ukianguka, usiniangukie mimi. Nina kazi."

"Mimi sianguki," anajibu yule kijana mwenye masharubu, na hapo hapo koleo linamponyoka.

Nilisahau hilo koleo. Lilimkosa kidogo tu.

Mnara ukazunguka robo ya pili. Sasa mlango unatazama gari la harusi limejaa mpaka madirishani. Wanawake wanapiga vigelegele, mbuzi amepanda juu ya boneti hakuna anayemshusha. Ndani ya gari Kazija amefunikwa uso, lakini shingo yake imegeuka nyuma. Gari linaondoka naye anatazama nyuma, pwani. Mimi niko pembeni yake na tai yangu ya kuazima, natazama mbele, nimejaa furaha kama pishi la mchele. Miaka yote hii sikuwahi kujua kwamba alitazama nyuma.

"Alikuwa anatutazama sisi," makumbi yakasema.

"Nyinyi?"

"Alitufukia yeye, kwa mikono yake, wiki mbili kabla. Akaturundikia mawe, na la juu kabisa jiwe lenye tundu, ndiyo alama yake. Akatupigapiga juu kwa kiganja. Akasema, 'Tulieni. Miezi sita narudi kuwapiga.' Tukatulia. Miezi sita ikapita. Wenzetu wa mashimo ya jirani wakafukuliwa, wakapigwa, wakawa kamba, wakenda zao duniani. Sisi tunasikia tu gongo la watu wengine. Wewe mzee umewahi kungoja kupigwa na mtu unayempenda, asije?"

Nikawaza. Nikasema kweli sijawahi.

"Basi usituambie habari za Jumamosi."

"Lakini chumvi," nikasema. "Mbona hamuiachii? Nimewamwagia ndoo nzima ya maji matamu."

"Ndoo moja. Kama mtu anayesuuza kikombe cha mgeni aliyekwishaondoka." Yakacheka, cheko la kukwaruza. "Hii ni chumvi ya siku ile, tumeikamata makusudi. Makumbi yote yanafanana, mzee. Tukiitoa, yeye atatujuaje?"

Tungule akaingilia kati, hakuweza kujizuia. "Ngojeni, ngojeni. Mtu ana mke aliyelelewa na makumbi, na makumbi yamekufa kwa kumpenda, na mke yuko chumba cha pili. Na yeye mtu huyu alikwenda kumuuliza nani?"

Nikalazimika kujibu mwenyewe.

"Simu," nikasema.

Kicheko kilichofuata kilimrudisha bilingani ndani.

"Nilitaka iwe ajabu kwake," nikajitetea. "Nilitaka afunguliwe mlango, aone."

"Mzee," kotmiri akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya upole, "hapa kwetu kanuni ni moja tu, na umeiweka wewe. Maji huanzia juu. Sisi sote tunangoja chini ya mwagaji. Mwagaji ni wewe. Anza."

"Nianze nini?"

"Kumwagika."

Nikamwagika.

Sijui nieleze vipi. Kwanza niliisha magoti, na hilo sikulijutia, maana magoti yangu hayana faida tena. Halafu nikaisha kiuno, halafu masharubu. Nikapenya kwenye makumbi ya kotmiri, nikatoka chini na ladha. Nikashuka kwa tungule. Akanifungulia mizizi, akaninywa kidogo, akatema. Nikashuka, nikashuka. Kila ghorofa makumbi yananitwika chumvi yao kidogo, "tubebee hii, tubebee na hii," mpaka nikawa mzito, na kahawia kama chai ya rangi. Ghorofa ya mwisho mchicha akanipungia jani. Nikadondoka kwenye sahani.

Sahani ilikuwa Bwejuu.

Maji yamekupwa mbali kabisa, mchanga mweupe, jua la saa tatu. Mashimo yamepangana na mawe yake. Kwenye shimo la mwisho amekaa msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kanga ameifunga kibwebwe, gongo amelilaza mapajani. Nyonga zake zote mbili nzima. Anatazama shimo lililo tupu kama mtu aliyerudi safari akakuta nyumba imehamwa.

Mimi nimekuwa dimbwi dogo karibu na mguu wake.

"Kazija," nasema.

Anatazama huku na huku, halafu chini. "Nani ananiita?"

"Mimi. Vuai."

"Vuai fundi wa nguzo?"

"Huyo."

"Umekuwa maji."

"Ndiyo."

"Nilijua iko siku," anasema, wala hashangai. Ananichota kwa viganja viwili, ananinusa, ananigusa kwa ncha ya ulimi. "Una chumvi nyingi. Umepita wapi?"

"Kwao," nasema. "Makumbi yako. Nimeyachukua mimi. Bi Tatu alisema shimo halina mtu. Yako roshani kwetu, nimepanda mchicha ndani yake."

"Hujayaosha."

"Mara moja."

"Mara moja! Makumbi ya bahari! We Vuai, hata mtoto anayeanza kukaa anajua. Kwa kamba yaache na chumvi yake, haidhuru, kamba hailimwi. Lakini ukitaka kitu kiote humo, unayatia maji matamu, unayakamua, unamwaga. Unatia tena. Mara saba, mara nane, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ukionja, yawe hayakwambii kitu. Mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kukushangaza."

"Mimi nimeolewa na mtu ambaye siku ya kwanza aliniangushia koleo. Nishangazwe na nini tena?"

Dimbwi haliwezi kuinamisha kichwa, lakini nilijitahidi.

Ikabaki moja. Lile ambalo wiki sita nzima nilikuwa nikilizunguka, nikipanda mbegu ili nisiliseme. Pale mikononi mwake, sina mdomo wala uso, likanitoka.

"Kazija, Ijumaa utakwenda kwa Zuwena?"

Upepo ukampepea ncha ya kanga.

"Wewe na Zuwena," akasema, "mmekaa mkanigawa kama andazi. Huyu anasema namchukua, huyu anasema namletea. Na mimi nipo pale pale dirishani, nasikia. Kilichovunjika ni nyonga, masikio yangu mazima. Nani kati yenu amekuja akaniuliza, 'Kazija, wewe unataka nini?'"

Nikatafuta, nikitumaini pengine Zuwena aliuliza. Hapana.

"Basi ndiyo maana sijajibu," akasema.

Akainuka. Akalishika gunia, ambalo lilikuwa hapo tangu mwanzo, akayamwaga makumbi yote shimoni kwake. Halafu, bila ya kuniomba ruhusa, akanimimina juu yake.

Mara ya kwanza nilitoka rangi ya kahawa. Akanikusanya, sijui vipi, akanimimina tena. Mara ya pili nikatoka chai. Ya tatu, chai ya mgonjwa. Anayakanda kwa viganja, anayageuza, anayakamua kama nguo ya mtoto, na huku anayasemesha maneno madogo madogo ambayo hata mimi, niliyekuwa ndani yake, sikuyashika yote. Mara ya nne nikasikia makumbi yanalegea. Ya tano yakasema:

"Umechelewa."

"Niliolewa," Kazija akayajibu.

"Na nani?"

"Na haya maji."

Makumbi yakanitazama. Yanatazama kwa kila uzi. Mara ya sita yakaniachia chumvi yote iliyobaki, yote kwa pamoja, kama mtu aliyekaa mlangoni siku nyingi na mzigo kichwani, akaambiwa tua. Mara ya saba nikatoka sina rangi. Kazija akachota, akaonja, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huniambii kitu," akasema. "Sasa unafaa."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limekwishaingia chumbani, na redio ya jirani inatangaza bei ya samaki. Kazija alikuwa macho, amekaa ukingoni mwa kitanda upande wake, kanipa mgongo. Wiki sita nimekuwa nikiamka na kukimbilia roshani kabla sijasema neno. Leo nikabaki.

"Kazija."

"Ee."

"Wewe unataka nini? Kwenda kwa Zuwena au kubaki?"

Hakugeuka. Nikausikia mlio wa ulimi wake ukigusa kaakaa, kama anavyofanya anapopima chumvi ya mchuzi.

"Leo umeamkia wapi, bwana?"

"Nakuuliza tu."

"Nataka kazi," akasema. "Udongo wa Fuoni si wangu, nitakaa kwenye kiti niutazame, nisikie, 'Mama usiiname, mama usinyanyue.' Mimi sikukosa udongo, Vuai. Nimekosa kitu cha kushika." Akajikuna mkono. "Na lile gunia lako la makaa. Makaa hayanuki Bwejuu. Wiki sita nalinusa, nangoja uone aibu uniambie."

"Nimeona aibu."

"Umechelewa, lakini haya. Yalete hapa, na beseni kubwa, na maji. Hiyo miche ing'oe taratibu uihifadhi kwenye kikombe, iliyo hai itavumilia. Na mpigie mwanao. Mwambie Ijumaa aje, lakini gari asijisumbue nalo. Aje na ndoo mbili zenye mifuniko."

Miche sikuwa nimemtajia, ila usingizini. "Na akiuliza za nini?" nikasema.

"Mwambie mama ameanza kazi."

Nikateremka kitandani, nikazunguka upande wake, nikapiga magoti kumvisha champali kama nifanyavyo kila asubuhi. Nikamshika mguu wa kwanza. Baina ya vidole, na kwenye nyufa za kisigino, kulikuwa na mchanga. Si vumbi la nyumbani, wala si ule mchanga wa kahawia wa hapa mjini. Mweupe, laini kama unga wa sembe.

Nikamtazama. Alikuwa anatazama dirishani.

"Unatafuta nini huko chini?" akaniuliza.

"Hakuna kitu."

"Basi nivishe, maji yasije yakakatika."

Nikaupangusa ule mchanga kwa ncha ya kanga yake, nikamvisha. Nikashika mguu wa pili. Huo ulikuwa bado umelowa.